Manzoni na Kazi ya Kufua Maneno

Mwaka jana, majuma machache kabla ya Pasaka, kijana mmoja wa mtaa wetu aliniletea madaftari manne ya shule, yamefungwa pamoja kwa uzi wa nyavu. Ndani yake alikuwa ameandika riwaya. Ni habari za mama yake, mwuza ndagala hapa kando ya Ziwa Tanganyika, na za baba yake aliyekwenda kuvua usiku asirudi. "Mwalimu," akasema, "wewe ulisoma seminari. Unisahihishie maneno, ndipo nitafute mtu wa kukipiga chapa." Nikayapokea kwa furaha, na kwa majivuno kidogo pia. Niliyoyatenda juu ya madaftari yale nitayasimulia mbele. Kwanza nataka kuwaeleza habari za mwandishi aliyeisahihisha riwaya yake mwenyewe kwa muda mrefu kuliko muda alioutumia kuiandika, kwa maana ni katika kuisoma tena kazi yake nilipotambua kosa langu.

Alessandro Manzoni alizaliwa Milano mwaka 1785, akafa huko huko mwaka 1873. Riwaya yake yaitwa I Promessi Sposi, yaani Wachumba Walioahidiana. Mambo yake ni ya miaka 1628 hata 1630, zamani Wahispania walipotawala Milano. Renzo na Lucia, vijana wawili wa kijiji kilicho kando ya ziwa la Como, wataka kufunga ndoa. Bwana mmoja mwenye nguvu, don Rodrigo, amtamani Lucia. Basi atuma watu wake wenye silaha kwa paroko, don Abbondio, wamwonye asiifungishe ndoa ile. Paroko aogopa. Hapo ndipo mateso yaanzapo: wachumba watengana, njaa yaingia Milano, askari wa vita wapita wakiteka vijiji, tauni ya mwaka 1630 yaangusha watu kwa maelfu, na mwishoni don Rodrigo akiisha kufa, paroko yule yule awafungisha ndoa. Sisi tukaao kando ya ziwa lenye milima huku na huku hatuoni shida kuuelewa ukurasa wa kwanza, maana waanza kwa ziwa, na milima, na mto utokao ziwani. Wengine mtakumbuka kwamba Baba Mtakatifu Fransisko, katika katekesi yake moja ya mwezi wa Mei 2015, aliwahimiza wachumba wakisome kitabu hiki.

Mimi nilikisoma seminari kwa Kifaransa. Baadaye Padri mmoja Mwitalia alinionyesha chapa ambamo matoleo mawili ya kitabu yamewekwa pamoja, mstari juu ya mstari, msomaji aone kila neno lililoondolewa na kila neno lililoingia mahali pake. Kiitalia changu ni cha kukokota, chaegemea Kilatini kama mzee aegemeavyo fimbo. Lakini kwa kazi ya namna ile kukokota kwafaa. Atembeaye mbio hayaoni mawe madogo.

Manzoni alianza kuandika mwezi wa Aprili 1821, akamaliza Septemba 1823. Maandiko yale ya kwanza twayaita Fermo e Lucia, kwa majina waliyokuwa nayo wachumba hapo mwanzo. Yeye mwenyewe hakuyapiga chapa. Mtu mwingine angalisema: kazi imekwisha. Yeye alirudi ukurasa wa kwanza. Fermo akawa Renzo. Sura zikahamishwa, nyingine zikakatwa, nyingine zikaandikwa upya. Na kitabu kikatoka Milano katika mabuku matatu, kikamalizika mwaka 1827. Watu walikipokea vizuri mno, hata wachapaji wa miji mingine wakakipiga chapa kwa wizi. Naye? Mwaka ule ule akaanza kukisahihisha tena, na safari hii haikwisha mpaka chapa mpya ilipotoka kipande kwa kipande toka 1840 hata 1842, yenye picha za Gonin, kwa gharama yake mwenyewe. Akapata hasara kubwa ya fedha. Katika miaka hiyo alifiwa na mkewe Enrichetta, siku yenyewe ya Noeli ya mwaka 1833, na binti zake wawili wakamfuata mama yao. Mtu aliyekuwa akipima uzito wa viwakilishi na silabi hakuwa mtu aliyekosa mambo mengine ya kufikiri.

Yafaa kuzitenga kazi hizo mbili, maana wengi huzichanganya. Kati ya 1823 na 1827 Manzoni alifanya kazi ya seremala avunjaye kiti akakiunga upya. Kati ya 1827 na 1840 viungo vya kiti hakuvigusa: sura ni 38 zile zile, watu ni wale wale, mambo yafuatana vile vile. Alipiga msasa tu.

Juu ya kazi ya kwanza nitatoa mfano mmoja, kwa sababu ni mzuri kupita yote. Katika kitabu yumo mtawa wa Monza, Gertrude, binti wa mtu mkubwa, ambaye baba yake alimsukuma utawani bila wito wowote, ili mali ya nyumba isigawanyike. Jirani na monasteri akaa kijana mwovu, Egidio. Siku moja athubutu kumsemesha. Katika maandiko ya kwanza Manzoni alieleza kwa kurasa nyingi yaliyofuata: jinsi mwanamke yule alivyoanguka, na jinsi dhambi ilivyozaa dhambi hata damu ikamwagika. Katika kitabu kilichopigwa chapa, anguko lenyewe lasemwa kwa maneno matatu tu, yatujulishayo kwamba maskini yule alimwitikia. Halafu nukta. Mengine twayaona kwa mbali, kama moshi nyuma ya kilima. Wako wasemao alikata kwa sababu ya haya. Labda. Lakini tazama kazi yenyewe: lile jina analompa, la mtu aliyepatwa na bahati mbaya, lachukua huruma yote, na lile tendo la kuitikia lachukua hukumu yote. Kurasa zile nyingi zisingaliweza kuvishika vitu hivyo viwili kwa pamoja. Zingaliegemea upande mmoja, tukamchukia, ama tukamsamehe upesi.

Sasa nije kwenye kazi ya pili, ile ya msasa, ambayo wengi huiona kuwa ndogo.

Lazima tujue kwamba Manzoni hakuwa amenyonya Kiitalia kwa mama yake. Nyumbani Milano watu walisema lugha ya Milano. Na Kifaransa alikijua sana, maana alikaa Paris ujanani. Italia yenyewe haikuwa bado nchi moja, umoja wake ulikuja mwaka 1861, na kila upande ulikuwa na msemo wake. Kiitalia cha kuandikia alikipata vitabuni, kama sisi tulivyopata Kiswahili cha vitabu seminari. Alipotaka kumsemesha mkulima, ilimbidi kufunua kamusi. Basi kitabu cha mwaka 1827 kilikuwa na maneno ya waandishi wa kale, na maneno ya Milano yaliyovikwa kanzu ya Kiitalia, na namna za Kifaransa, yote yamekaa meza moja kama wageni wasiojuana.

Mwaka ule wa 1827, kitabu kikiwa kimetoka tu, alichukua jamaa yake yote akaenda Firenze. Huko alisikia kwa masikio yake lugha ile aliyoisoma vitabuni, safari hii vinywani mwa watu sokoni na nyumbani. Akamwandikia rafiki yake Grossi kwa mzaha kwamba anayo mashuka 71 ya kusuuza, yaani karatasi 71 za chapa za kitabu chake, na kwamba maji kama ya mto Arno, na wafuaji kama rafiki zake Cioni na Niccolini, hawapati mahali pengine. Toka siku ile Waitalia husema juu ya Manzoni kwamba alisuuza nguo zake katika Arno. Msomaji wetu, anayewaona mama zetu wakiinama ziwani asubuhi, na nguo zimetandazwa juu ya mawe, hahitaji maelezo zaidi.

Lakini bwana wa Milano hawezi kukaa mtoni siku zote. Baadaye alimpata Emilia Luti, mzaliwa wa Firenze, aliyekuja Milano kulea na kufundisha watoto katika jamaa yake. Huyo ndiye aliyemwuliza neno kwa neno: kwenu mtu husemaje jambo hili? Na hili? Emilia hakuwa mwandishi. Alichokuwa nacho ni sikio, na kinywa cha nyumbani kwao. Kitabu kipya kilipotoka, Manzoni alimpa nakala na kuandika juu yake shukrani, akikiita matambara ambayo Emilia ndiye aliyeyasuuza katika Arno. Napenda sana mwandishi mwenye sifa ile yote kukubali kwamba mlezi wa watoto alimfundisha kazi yake.

Je, alibadili nini hasa? Mambo madogo, tena madogo mno. Waandishi wa zamani, wakitaka kusema "yeye" kama mtenda, walipaswa kuandika egli kwa mwanamume na ella kwa mwanamke. Watu wa Firenze wakizungumza walisema lui na lei. Manzoni akaziondoa zile za kwanza mahali pengi, akaweka za pili, ama akaacha mahali patupu kama watu waachavyo. Vitabuni "nilikuwa na" iliandikwa aveva, sawasawa na "alikuwa na", watu walisema avevo, akaandika avevo. Palipokuwa na namna tatu za kuandika neno moja, akachagua moja akashikamana nayo kitabu kizima. Giuoco, yaani mchezo, ikawa gioco. Msomaji atacheka: miaka 13 kwa ajili ya herufi?

Nami nilicheka. Halafu nikafanya jambo ambalo nawashauri wengine walifanye: nikasoma kwa sauti ukurasa mmoja wa 1827, kisha ukurasa ule ule wa 1840. Hata katika kinywa changu kigumu tofauti ilisikika. Katika ule wa kwanza mtu asimama mbele yangu akihutubia. Katika ule wa pili mtu amekaa pembeni yangu, amevuta kiti. Hakuna mahali pamoja pa kuonyesha kwa kidole na kusema, "Ni hapa". Ni herufi mia na mia nyingine, kila moja imeondoa vumbi kidogo.

Tena si kweli kwamba kusafisha maandishi ni kukata sentensi zote ziwe fupi, kama walimu wengine wafundishavyo. Sentensi ya kwanza ya kitabu, ile ya ziwa, ilikuwa ndefu mwaka 1827, ikabaki ndefu mwaka 1840. Yazunguka kama njia ya mlimani. Manzoni aliacha urefu wake, maana jicho la atazamaye ziwa kutoka juu lasafiri polepole, nayo sentensi yasafiri nalo. Angaliikata vipande vitatu, angaliifanya iwe barua ya ofisini.

Lakini kwa nini jitihada zote hizi? Wataalamu wataja mambo ya siasa na umoja wa Italia, nao wana haki. Mimi naona sababu nyingine, imo ndani ya hadithi yenyewe. Katika kitabu hiki wanyonge hupigwa kwa maneno kabla ya kupigwa kwa fimbo. Renzo aenda kwa paroko siku ya arusi, amevaa vizuri, na don Abbondio, asiyethubutu kusema kwamba anaogopa, amwagia kijana majina ya vizuizi vya ndoa kwa Kilatini. Renzo akasirika: Kilatini hicho kitamsaidia nini? Kisha achukua majogoo manne aliyotunza Lucia na mama yake, ampelekee mwanasheria mjini. Mwanasheria amsomea amri za serikali, amri baada ya amri, ndefu, zenye vitisho na vyeo vya magavana. Na mara asikiapo jina la don Rodrigo, amfukuza pamoja na majogoo yake. Amri zilikuwa nyingi sana, asema Manzoni, na maneno yake makali sana, na don Rodrigo alilala usingizi mzuri.

Na kabla ya yote hayo kuna dibaji. Manzoni ajifanya ameokota maandiko ya kale ya mtu asiyejulikana. Aanza kuyanakili kama yalivyo: maneno yaliyovimba, mifano ya miungu na majemadari, sentensi isiyofika. Katikati akatupa kalamu. Nani atavumilia kuyasoma? Lakini hadithi ni nzuri. Basi ataichukua hadithi na kubadili lugha. Ni mzaha, hakuna maandiko yoyote ya kale. Hata hivyo katika mzaha ule ametuambia mapema kitabu chake kitakuwa nini: ni hadithi ya watu wadogo iliyovuliwa lugha ya wakubwa. Mtu aliyeandika sura ya Kilatini cha don Abbondio hakuweza kukaa kimya akijua kwamba yeye mwenyewe, katika ukurasa wa tatu au wa thelathini, amemsemesha Renzo maneno ambayo Renzo asingaliyafahamu. Msasa ule ulikuwa deni.

Walakini sikuja kusifu tu. Nguo ikisuguliwa mno juu ya jiwe hupoteza rangi, na mahali pengine Manzoni alisugua mno. Aliamini kwamba Firenze ndiyo yenye haki katika mambo yote. Mwaka 1868, akiwa mzee, alimpelekea waziri Broglio taarifa juu ya umoja wa lugha, akishauri msemo wa Firenze ufundishwe nchi nzima. Kamusi ikaanzishwa kwa msingi huo, ikaanza kutoka mwaka 1870, na katika jina lake neno "mpya" liliandikwa novo, kama Firenze walivyolitamka, ijapokuwa Italia yote iliandika nuovo. Mtaalamu wa lugha Graziadio Ascoli, mwaka 1873, alilishika neno hilo moja akaligeuza kuwa hoja: lugha ya taifa, alisema, haitolewi kwa amri ya mji mmoja, huzaliwa watu wengi wafikiripo na kufanya kazi pamoja. Nani alishinda? Hakuna aliyeshinda yote. Leo Waitalia husema lui na lei bila kufikiri, kama Manzoni alivyotaka. Na huandika nuovo, kama Ascoli alivyotaka.

Kuna na lawama nyingine, ya kisanii hasa. Renzo na Lucia ni watu wa upande wa Lecco. Sasa wazungumza kama watu waliozaliwa kando ya Arno. Msomaji wa Kifaransa hajui, lakini Mlombardi anajua, naye ana haki kuuliza sauti ya bibi yake imekwenda wapi. Manzoni mwenyewe alilijua swali hilo, naona, maana hakufua kila kitu. Renzo akimbiliapo nchi ya Bergamo, ndugu yake Bortolo amwonya kwamba watu wa huko huwaita watu wa Milano kwa jina moja la kuwacheka, baggiani. Neno hilo la kienyeji Manzoni aliliacha lisimame kitabuni, akalieleza, akacheza nalo. Lingaliwekwa neno safi la Firenze mahali pale, mzaha wote ungalikufa. Basi alijua kwamba doa jingine ni sehemu ya nguo. Ningalipenda alijue mara nyingi zaidi.

Jambo hili latugusa sisi karibu sana. Mwaka 1928, Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha kuandikia, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ikaanza kazi yake. Kongo haikuwamo. Hata hivyo vitabu vya kutoka huko vilitufikia, na faida yake ni kubwa: mtu wa Moba aweza kuandika akasomwa Tanga. Sitaki kuutupa mto ule. Lakini sisi tuliosoma tumekwisha kuzoea kudhani kwamba kila kisemwacho hapa kwetu ni uchafu.

Na hapa narudi kwenye madaftari. Niliyasahihisha kwa juma tatu, kwa kalamu nyekundu. Palipoandikwa "mayi" nikaandika "maji". "Batoto bangu" ikawa "wanangu", "juu ya nini?" ikawa "kwa nini?" Kama ningaliishia hapo, pengine kosa lingalikuwa dogo. Nikaendelea. Mama yule, ambaye maisha yake yote ameuza ndagala kwa bakuli, nikamtia kinywani methali za pwani. Katika daftari la pili kuna usiku ule ambao mtumbwi haukurudi. Watu wamesimama ufukoni na taa. Kulipopambazuka mama asema maneno mawili tu: "Mayi imemukamata." Mimi nikayafuta, nikaandika: "Ole wangu! Mawimbi yenye ukatili yamenipokonya mume wangu mpenzi!" Nikaona nimeandika vizuri.

Kijana akaja, akasoma ukurasa ule amesimama mlangoni. Akakaa kimya. Kisha akasema kwa adabu, "Mwalimu, ni Kiswahili kizuri. Lakini huyu si mama." Akayachukua madaftari yake akaenda. Nilikasirika siku mbili. Nilijiambia kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kufundishwa.

Siku ya tatu nikafungua Manzoni kwa ajili ya kujituliza, na kitabu kikaniangukia kwenye sura ya 27. Renzo yu mbali, katika ukimbizi, ataka kumpelekea habari Agnese, mama yake Lucia. Hajui kuandika. Atafuta mtu ajuaye, amweleze. Basi Manzoni aeleza, kwa uchungu uliofichwa katika kicheko, jinsi mambo hayo yaendavyo: yule mwenye elimu aelewa nusu, nusu nyingine aitengeneza, apunguza hapa, aongeza pale, kwa kuwa ajuaye kuandika hapendi kuwa chombo tu cha asiyejua. Barua yafika. Agnese naye hajui kusoma; atafuta msomaji mwingine, naye amfafanulia kwa akili yake. Jibu larudi kwa njia ile ile. Mwishowe watu wawili wapendanao wajibizana kama viziwi. Nilikuwa nimeisoma sura ile mara tatu maishani mwangu, na mara zote tatu nilicheka pamoja na mwandishi. Safari hii nilimwona mwandika barua. Ana kalamu nyekundu.

Nikaenda nyumbani kwao. Nilimkuta mama mwenyewe amekaa chini, achagua mchanga katika ndagala. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kusikia kitabu cha mtoto wako." Akacheka, akaniletea kigoda. Kijana akasoma kwa sauti kutoka mwanzo, maandiko yake ya kwanza, bila wino wangu. Nami nikaona jambo ambalo seminari hawakunifundisha. Hadithi ilipokuwa hai, mikono ya mama ilisimama. Ilipolegea, mikono ikarudi kwenye ndagala. Tukaanza kutia alama kila mahali mikono iliporudi.

Na tulipozitazama alama zile, zilikuwa za haki. Ukurasa mmoja ulikuwa na sentensi kumi na moja zilizoanza kwa "kisha". Jua lilichomoza kila siku likiwa na sifa tatu. Na baada ya maneno yale ya ufukoni, kijana alikuwa ameandika kurasa mbili za kutueleza kwamba huzuni ilikuwa kubwa. Kurasa hizo mbili tulizikata zote. Yeye aliumia, nikamsimulia mtawa wa Monza na yale maneno matatu. Katika usimulizi wake mwenyewe, nje ya vinywa vya watu, tulikubaliana kuandika "maji" na "watoto", ili wasomaji wa ng'ambo ya ziwa wasikwame. Katika kinywa cha mama tuliacha "mayi". Juu ya "juu ya nini" bado tunabishana: mimi nasema msomaji wa mbali atadhani ni swali la mahali, yeye asema msomaji huyo atazoea kufikia ukurasa wa kumi.

Mama mwenyewe alituambia kosa moja tu. Usiku ule, alisema, kikwembe chake hakikuwa cha buluu. Kilikuwa cha kijani, na kilikuwa cha kuazima, na mwenyewe alikuja kukidai siku ya matanga. Kijana hakulijua jambo hilo. Limeingia kitabuni kama lilivyosemwa, halikuhitaji msasa.

Tumemaliza madaftari mawili. La tatu tutalianza mwezi utakapokuwa mkubwa, kwa maana siku za giza wavuvi hupata ndagala nyingi na mama hana nafasi ya kutusikiliza.